Senti ya Norwe Iliyookotwa Amerika

Nyinyi mlio bado madarasani na nyinyi wazee wa shule mliokwisha toka, nataka kuwaelezeni habari ya senti moja ya fedha iliyookotwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Lakini kabla ya kuvuka bahari niruhusuni nianze na hela iliyookotwa katika migomba ya bibi yangu, kwa maana bila ya hela ile nisingalielewa habari ya senti hii.

Mwaka wa 1974 nilikuwa kidato cha pili katika shule yetu hii. Wakati wa likizo nilikuwa nikipalilia migomba ya bibi, jembe likagonga kitu kigumu. Nilipokisugua kwa jani nikaona ni sarafu yenye tundu katikati, na juu yake maandishi ya Kijerumani, na mwaka: 1913. Ilikuwa hela tano za Wadachi. (Wengi wetu twasema "sina hela" kila siku bila ya kukumbuka ya kuwa neno lenyewe ni jina la sarafu yao, heller.) Basi usiku ule sikupata usingizi. Nilijua ya kuwa Wadachi walitawala Tanganyika, lakini hakuna mtu aliyepata kuniambia ya kuwa walikaa hapa kwetu Uganda, juu ya kilima chetu. Mimi ndimi niliyevumbua!

Shule ilipofunguliwa nikaandika insha ya kurasa nne. Kufika ukurasa wa tatu nilikuwa nimekwisha jenga boma, nimetweka bendera, na kapteni wao nimempa jina. Mwalimu wetu wa historia aliisoma mbele ya darasa zima tangu mwanzo hata mwisho, nami nikakaa nimetuna kama chura. Alipomaliza akaniuliza neno moja tu: "Jaa lao liko wapi?" Sikumwelewa. Akasema, "Watu waliokaa mahali hula, na wanaokula hutupa. Wana meko, wana majivu, huvunja vyungu, hupoteza misumari na vifungo. Wewe umenionyesha sarafu moja. Nionyeshe jaa." Darasa likaangua kicheko. Kisha akaongeza kwa upole ya kuwa ningalifanya vema kama ningalimwuliza kwanza mwenye shamba.

Nilimwuliza bibi likizo iliyofuata. Alitazama sarafu kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu," akasema, "hii ni yangu. Baba alichukuliwa upagazi katika vita vya Wadachi, akaenda mbali huko kusini akiwabebea Waingereza mizigo. Walikwenda wengi, wakarudi wachache. Yeye alirudi na hela tatu, akatia uzi katika tundu, akatuvika shingoni sisi watoto watatu. Yangu uzi ulikatika siku moja tukichimba viazi. Nilipigwa kwa ajili yake." Akaitwaa, akaifunga katika pindo la leso yake, wala sikuiona tena. Basi hapakuwa na boma wala kapteni. Palikuwa na mpagazi mmoja, babu wa mama yangu, ambaye katika insha yangu ya kurasa nne sikumtaja hata kwa neno moja.

Sasa na tuvuke bahari.

Waviking walikuwa watu wa Norwe, Uswidi na Denmark, mabaharia hodari na wakati mwingine wanyang'anyi wakali, ambao kwa karne tatu hivi, toka mwisho wa karne ya 8, walisafiri kwa mashua zao ndefu huku na huko. Katika karne ya 9 walihamia Iceland. Mnamo mwaka wa 985 kundi lao moja likahamia Greenland, na kutoka huko wakafika Amerika, karibu miaka mia tano kabla ya Columbus. Habari hizo zilisimuliwa katika hadithi za kale za Iceland, lakini watu wengi walizihesabu kuwa ni hadithi tu.

Kwa sababu hiyo, kwa muda wa miaka mingi watu wa Amerika waliokuwa na asili ya Skandinavia walitafuta kwa bidii kitu chochote cha kuthibitisha ya kuwa wazee wao ndio waliotangulia. Na mtu anayetafuta kwa bidii namna hiyo hakosi kuona. Mimi nisiwacheke, maana nilikuwa na kapteni wangu.

Mwaka wa 1957, mahali paitwapo Naskeag Point katika jimbo la Maine, pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, mchimbuzi mmoja wa kujifundisha mwenyewe alikuwa akichimba penye makazi ya kale ya wenyeji wa nchi ile. Akapata sarafu ndogo ya fedha, nyembamba, iliyolika. Ilidhaniwa kuwa ni senti ya Kiingereza ya karne ya 12, ikakaa na jina hilo miaka kama ishirini. Mnamo mwaka wa 1978 wajuzi wa sarafu waliitazama upya wakaona si ya Kiingereza hata kidogo. Mtaalamu wa Oslo, Kolbjørn Skaare, aliyezijua sarafu za Norwe kuliko mtu mwingine, akathibitisha ya kuwa ilipigwa Norwe katika zama za mfalme Olaf Kyrre, aliyetawala tangu 1067 hata 1093.

Mnaweza kufikiri furaha iliyowashika watu! Waviking walifika Maine! Lakini hapa ndipo lile swali la mwalimu wangu linapofaa, na waliolijibu vizuri ni wale waliokwisha ona jaa la kweli la Waviking.

Jaa hilo liko L'Anse aux Meadows, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland katika Kanada. Mwaka wa 1960 Helge Ingstad wa Norwe alifika huko akiuliza wavuvi kama wanajua magofu yoyote. Mzee mmoja wa kijiji akampeleka kwenye vichuguu vya nyasi vilivyofanana na misingi ya nyumba. Mkewe, Anne Stine Ingstad, aliyekuwa msomi wa mambo ya kale, akasimamia uchimbaji toka 1961 hata 1968. Walipata nyumba nane zilizojengwa kwa mabonge ya udongo wenye nyasi, kama walivyojenga watu wa Iceland na Greenland. Walipata mahali palipoyeyushwa chuma kilichotolewa katika matope ya bwawa, na takataka za chuma hicho zimemwagwa hapo hapo. Walipata misumari ya mashua, pini ya shaba ya kubania joho, na kile kijiwe cha mviringo kinachotiwa katika kijiti cha kusokotea sufu. Hicho kijiwe hunipendeza kuliko vyote. Mtu hasokoti sufu mahali anapopita njiani. Husokota mahali anapokaa.

Baadaye, mwaka wa 2021, wataalamu walitangaza mwaka hasa ambao miti fulani ya pale ilikatwa kwa zana za chuma. Mnamo mwaka wa 993 mionzi kutoka angani iliacha alama katika miti ya dunia nzima. Wao waliitafuta pete yenye alama hiyo ndani ya ubao, wakahesabu pete za miaka kutoka hapo mpaka ganda la nje, na hesabu ikatua kwenye 1021. Mti huongeza pete moja kila mwaka, basi kazi iliyobaki ilikuwa kuhesabu tu, kama mtoto wa shule ya msingi.

Basi turudi Maine tukiwa na hayo mkononi. Katika makazi ya Naskeag Point vimepatikana vitu vipatavyo 30,000. Miongoni mwake cha Kiskandinavia ni kimoja tu, ile senti. Hapana nyumba ya mabonge, hapana misumari, hapana takataka za chuma, hapana kijiwe cha sufu. Tena hesabuni miaka. Miti ya Newfoundland ilikatwa 1021. Olaf Kyrre alianza kutawala 1067. Senti hii haikuwako bado katika dunia wakati watu wale walipokuwa wakijenga. Na kutoka L'Anse aux Meadows mpaka Naskeag Point ni zaidi ya kilomita 1,000.

Lakini hapo hapo penye senti palipatikana vitu vingine ambavyo wenye pupa hawakuvitazama, kwa kuwa havikung'aa. Palikuwa na vipande vingi vya jiwe la namna ya gumegume, jeupe kama barafu chafu, linalofaa sana kuchongea visu na ncha za mishale. Jiwe hilo hutoka Ramah Bay, kaskazini ya nchi ya Labrador, na kutoka huko mpaka Maine ni zaidi ya kilomita 1,600. Palikuwa pia na chombo kilichochongwa na watu wa Dorset, waliokaa huko kaskazini penye barafu. Basi wenyeji wa Maine walikuwa na biashara, na biashara yao ilifika mbali sana, mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, kwa mashua na kwa miguu.

Na Labrador ni nchi ambayo watu wa Greenland waliendelea kuiendea. Greenland haina miti ya kujengea. Huko Labrador misitu imejaa. Waliiita Markland, maana yake nchi ya misitu. Katika kumbukumbu za Iceland imeandikwa ya kuwa mwaka wa 1347 mashua moja ya Greenland iliyokuwa imetoka Markland ilichukuliwa na dhoruba mpaka Iceland. Hiyo ni zaidi ya miaka mia tatu baada ya L'Anse aux Meadows! Basi ilitosha baharia mmoja kubadilishana na mwenyeji mmoja wa Labrador, senti kwa ngozi. Toka hapo senti ilifuata njia ya gumegume. Ilipopatikana, yasemekana ilikuwa na tundu karibu na ukingo, ingawa sehemu hiyo sasa imemomonyoka. Mtu aliivaa. Kwake haikuwa fedha, ilikuwa pambo lililotoka mbali, kama hela ya bibi yangu.

Haifai niwafiche ya kuwa wako wataalamu walioitilia shaka senti yenyewe, wakasema labda iliwekwa pale na mtu mwenye mzaha, kwa kuwa senti za Norwe huweza kununuliwa. Mimi naona njia ya biashara yatosha kuieleza. Lakini shaka yao ina haki, nanyi mtaona sababu.

Mnamo mwaka wa 1936 jumba la makumbusho la Toronto, Kanada, lilinunua kwa dola 500 upanga, kichwa cha shoka na kipande cha chuma, vyote vya Waviking. Mtafuta dhahabu mmoja alidai ya kuwa alivichimbua karibu na Beardmore, kaskazini ya Ziwa Superior, katikati ya bara. Vilitazamwa, vikaonekana ni vya kweli, vimefuliwa Skandinavia karne nyingi zilizopita. Vikawekwa hadharani, na watoto wa shule wakafundishwa. Miaka ishirini ikapita. Kisha mtoto wa kambo wa mtu yule akaapa ya kuwa baba yake alivikuta katika chumba cha chini ya nyumba mjini, akavipeleka mwenyewe kule porini. Vilikuwa vimeletwa na mhamiaji kutoka Norwe katika karne ya 20, ndani ya sanduku lake. Oneni jambo hili lilivyo gumu: kitu ni cha kweli, umri wake ni wa kweli, na habari yake ni ya uongo. Ukikipima chuma miaka kumi hakitakwambia kilisafiri lini.

Kaskazini kabisa mambo ni tofauti tena. Katika kisiwa cha Ellesmere, karibu na ncha ya dunia, wachimbuzi toka mwaka wa 1978 walikuta katika nyumba za kale za Wainuit vipande vya deraya, misumari ya mashua na kipande cha nguo ya sufu, vyote vya watu wa Greenland wa karne ya 13 hivi. Nyumba ni za Wainuit, meko ni ya Wainuit, mifupa iliyotupwa ni ya nyangumi na sili walioliwa na Wainuit. Huenda walibadilishana kwa pembe za walrasi, mnyama wa bahari mwenye meno kama ya ndovu, ambayo Ulaya iliyapenda sana. Huenda walikuta mashua iliyovunjika wakaibomoa ili wapate chuma. Kwa mtu asiye na mti wala chuma, mashua iliyovunjika ni hazina. Msumari mmoja hufanya ncha ya mkuki.

Na mambo haya yalikwenda pande zote mbili. Katika kisiwa cha Helgö nchini Uswidi, mwaka wa 1956, ilichimbuliwa sanamu ndogo ya Buddha, ya shaba, iliyofanywa kaskazini ya Bara Hindi yapata karne ya 6. Katika uchimbaji wa pale pale palitoka kijiko kikubwa cha Misri na kichwa cha fimbo ya askofu wa Ireland. Sijasikia mtu akidai ya kuwa Wahindi walijenga hekalu Uswidi. Kwa nini basi ni rahisi kusema kitu cha Mzungu kikionekana katika nchi ya wengine lazima Mzungu alikileta mwenyewe?

Swali hili linatugusa sisi. Karl Mauch alipofika Zimbabwe Kuu mwaka wa 1871 aliona kuta zile kubwa za mawe akafikiri habari za Malkia wa Sheba. Baada yake wengi wakasema ni kazi ya wageni, na vitu vya kigeni vilivyookotwa mle, kama ushanga na vyombo vya Kichina, wakavitumia kuwa ushahidi. Gertrude Caton-Thompson alichimba mwaka wa 1929, akasema wazi ya kuwa waliojenga ni Waafrika, na vitu vile vya kigeni ni mali iliyonunuliwa. Tena vilimfaa sana kwa kuhesabu umri wa kuta. Jaa lilikuwa la wenyeji.

Nanyi mlio Waganda, mnaita fedha ensimbi. Hilo ndilo jina la kauri, zile simbi za baharini. Mfanya biashara wa kwanza kutoka pwani ambaye jina lake limeandikwa, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suna mwaka wa 1844, lakini simbi zilikuwa zimekwisha mtangulia. Zilipanda kutoka pwani bila ya bwana wake, mkono kwa mkono, na majina ya mikono ile hayakuandikwa na mtu.

Nimalizie kwa sarafu zetu wenyewe, maana najua ya kuwa kuna mmoja wenu atakayesoma habari zake siku moja naye akose usingizi kama mimi. Mwaka wa 1944 mwanajeshi wa Australia aliyekuwa zamu katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya nchi ile, aliokota mchangani sarafu tisa. Akazitia katika kopo, akazisahau. Mwaka wa 1979 alizituma zichunguzwe. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za shaba, zenye majina ya masultani wa Kilwa, zilizopigwa zaidi ya miaka mia tano kabla yake. Kilwa, pwani ya Tanzania! Na sarafu za Kilwa ni nadra kuonekana mbali na pwani yetu. Moja ilipatikana katika Zimbabwe Kuu.

Moyo wangu nao ulidunda. Nikaona jahazi, nikaona nahodha wa Kiswahili akikanyaga Australia. Kisha nikajiuliza habari za wale Waholanzi wanne. Ikiwa sarafu zote zililala pamoja, basi haziwezi kuwa zililazwa kabla ya ile iliyo changa kuliko zote kupigwa, na za Waholanzi ni za karne ya 17 na ya 18, wakati Kilwa ya masultani wale ilikuwa imekwisha anguka zamani. Kama zililala mbali mbali, hesabu inabadilika kabisa. Zililalaje? Kwa kina gani? Kando ya nini? Mwanajeshi aliziokota kama nilivyookota mimi, kwa furaha, akaziondoa. Alipoulizwa baada ya miaka thelathini na mitano aliweka alama ya msalaba juu ya ramani. Mwaka wa 2013 msafara wa wataalamu ulikwenda katika kisiwa kile, pamoja na wenyeji wenye nchi, wakiwa na ramani ile mkononi, kutafuta mchangani penye alama.